Dada uliyeandika kutoka Sakina, Arusha, usimpeleke mwanao bweni kabla hajapimwa

Hapana. Usimpeleke. Nimesoma swali lako mara tatu: mtoto yuko darasa la nne hapo Arusha, haongei sana, akisikia kengele anaziba masikio, mwalimu anamwita mkaidi, na kuna shule imekuahidi kwamba Januari akianza la tano bweni "watamnyoosha". Ukauliza pia ada, tuisheni na dawa za kumtuliza. Hayo yaweke pembeni. Mimi niliambiwa neno hilohilo, kumnyoosha, na nikalilipia.

Ilikuwa 2019, hapa Moshi. Kijana wangu alikuwa na miaka 8, darasa la pili. Kila jioni tukikaa barazani, daladala zikipita, anataja vituo: Majengo, Kiboriloni, Soweto, KCMC, kwa mpangilio uleule, haachi hata kimoja. Lakini ukimuuliza leo shuleni umekula nini, hajibu. Ugali anakula, maharage anakula, ila visigusane. Mwalimu mkuu akaniita ofisini: "Baba, huyu mmemdekeza. Mpeleke bweni, mihula miwili tu utakuja kunishukuru."

Yule mtu hakuwahi kukaa na mwanangu hata dakika kumi! Hakuniuliza alianza kuongea lini, analala vipi, anaogopa nini. Ana miaka ishirini ya chaki, akamhukumu mtoto kabla chai yake haijapoa, na mimi nikamwamini kwa sababu alikuwa nyuma ya meza. Hadi leo nikimwona soko la Mbuyuni napita upande mwingine, maana sijui nitamwambia nini. Mke wangu alikataa. Mama yangu alikataa zaidi, akasema, "Mtoto asiyejua kushtaki halali kwa watu." Nikaona ni huruma za kina mama. Nikalipa.

Shule ikasema wiki sita za mwanzo mzazi haji, ili mtoto azoee. Wiki sita, dada. Kengele saa kumi na moja alfajiri. Maji ya ndoo kwenye baridi ya mlimani. Vitanda arobaini ukumbi mmoja. Na chakula karibu kila siku makande, yaani mahindi na maharage vimeshagusana kabla sahani haijamfikia. Hakula. Wenzake wakamlia chakula chake, sahani ikarudi jikoni tupu, matroni akaandika anakula vizuri. Siku ya wazazi nilimkuta ametoka kilo 24 hadi 19, na mikono ina alama. Wakati wa mahudhurio akiitwa jina haitiki. Wakasema ni ukaidi, wakamchapa. Nikaomba kitabu cha adhabu. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. Kitabu hakikuwepo. Fimbo zilikuwepo, kila mwalimu na yake.

Nikarudi naye siku hiyohiyo. Kilo zilirudi. Jioni tukakaa barazani, daladala zikapita, hakutaja kituo. Kesho yake hivyohivyo. Miezi tisa, dada, mtoto hakutamka neno.

Ndipo tukaenda KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, mahali ambapo tulipaswa kuanzia. Walianza na masikio, kwa sababu hata mtoto asiyesikia vizuri haitiki akiitwa. Yalikuwa mazima. Kisha daktari wa watoto akatuuliza maswali asubuhi nzima, tangu ujauzito, huku akimtazama anavyocheza. Usonji, yaani autism: ubongo wake hupokea sauti, maneno na watu kwa namna tofauti. Si pepo, si kudekezwa, si chanjo. Dawa ya kuuondoa haipo, na mtu atakayekuuzia mkimbie. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku, nao hufundishwa palepale KCMC, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba ile kengele kwa mwanangu ni maumivu, kama mtu anakupigia sufuria sikioni. Wiki sita nililipia maumivu hayo kwa risiti.

Neno la kwanza lilirudi Desemba. "Kiboriloni."

Baadaye tulipata nafasi shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu, anarudi nyumbani kila siku. Mwalimu wake amesomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, hapo kwenu Tengeru. Alichora siku nzima kwa picha, akabandika ukutani, nasi tukabandika zilezile nyumbani. Dakika tano kabla ya kengele anamwonyesha picha ya kengele. Mtoto anaziba masikio bila kelele, kengele inalia, somo linaendelea. Picha ya kalamu ya rangi tu!

Wakuu mtakaosema nimeandika risala ya harusi, pitieni tu. Mwaka 2019 ningepewa risala kama hii ningeisoma nimesimama.

Na usidanganyike na hilo la tano. Tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kuanzia awali hadi la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, sasa watu wanadhani mtoto akivuka la nne basi amekomaa. Wako akipigwa, akinyimwa chakula, akishikwa vibaya usiku, anaweza kukusimulia? Kama hawezi, halali kwa watu. Apimwe kwanza, mengine tutaongea.

Umesema mwisho wa kulipia nafasi ni Ijumaa. Iache ipite. Hiyo hela ni nauli ya kumleta KCMC. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Beba kadi yake ya kliniki ya utotoni na madaftari ya shule. Na leo jioni mrekodi kwa simu akiwa anacheza nyumbani, bila yeye kujua, kwa sababu akifika hospitali hatacheza.