Uyoga wa kichuguu: fukua kwanza, mboga baadaye

SWALI: Dokta habari, niko Chanika huku, mvua zimeanza na pembeni ya kichuguu kwenye kiwanja changu kumeota uyoga mkubwa mweupe. Mama mkwe katoka Songea anasema kwao hiyo ni mboga kabisa, wife anaogopa. Nitaujuaje, na unavunwaje?

JIBU: Nzuri kaka, mama mkwe mpe shikamoo yangu, inawezekana yuko sahihi ila msipike kwanza. Uyoga wa kichuguu unaujulia chini ya udongo sio juu, kwa hiyo usiung'oe, chukua panga ufukue taratibu pembeni ya shina. Wenyewe shina linashuka kama mzizi mrefu, linakonda linakonda, saa nyingine zaidi ya nusu mita, mpaka kwenye sega la mchwa huko ndani (mchwa ni wakulima bwana, ukungu unaotoa uyoga huu wanaulima wao kwa chakula chao). Ukikuta shina limekaa kwenye kifuko cheupe kama ganda la yai, achana nao kabisa, hiyo ni jamii ya uyoga inayoitwa Amanita na humo ndimo walimo wauaji. Anayeng'oa kwa kuvuta kifuko kinabaki ardhini, yeye anapeleka jikoni kofia nzuri nyeupe.

Halafu angalia katikati ya kofia, wa kichuguu una kinundu kigumu kilichotobolea udongo. Usiku kata kofia moja, ilaze kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli mpaka asubuhi. Unga ukidondoka wa krimu au pinki iliyopauka sawa, ukiwa wa kijani tupa, kuna mweupe mkubwa unaopenda kwenye majani ya bustani, huo unatapisha vibaya.

Mambo ya kuchemsha na kitunguu, sijui mdudu kaula hajafa, hamna kitu. Sumu ya Amanita haiishi kwa moto, na dalili zinakuja baada ya masaa 6 hadi 24, unaharisha, unapata nafuu kidogo, kumbe ini ndo linakwisha. Mtu akijisikia vibaya ni hospitali na mabaki ya uyoga mkononi.

Mkishahakikisha, uyoga uliobaki kata kwa kisu usawa wa ardhi, weka kwenye kikapu, pikeni siku hiyo hiyo uive vizuri. Kichuguu usikibomoe, mvua nyingine unaota hapo hapo. Ila kaka, hicho kiwanja kama fundi alishapiga dawa ya mchwa, hata uwe wenyewe msile. Nitumie picha ya mzizi.