Selimundu: uliza ni AS au SS

Mwanangu alikuwa na miezi tisa viganja na nyayo zake zilipovimba. Vidole viliumuka kama andazi, ukivigusa analia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe alimkanda kwa mafuta ya nazi usiku kucha, tukidhani ni baridi. Kituo cha kwanza walitupa dawa ya maumivu wakaturudisha nyumbani. Daktari wa pili alimfunua jicho, akaona umanjano, akaandika kipimo cha damu. Majibu yakasema selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mundu ni huu huu wa kuvunia mpunga. Chembe nyekundu ya kawaida ni duara na laini, inapenya hata kwenye mshipa mwembamba sana. Ya mgonjwa wa selimundu ikipungukiwa oksijeni, himoglobini yake, yaani protini inayobeba oksijeni, hushikamana, chembe ikakakamaa na kujipinda kama mundu. Hapo hunasa mshipani, damu ikazuiwa, ndipo maumivu yanapoanza. Tena hufa mapema: ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii 10 hadi 20. Damu inapungua, macho yanageuka manjano.

Shida ni kwamba mtaani "ana sikoseli", yaani selimundu, husemwa kwa watu wawili tofauti kabisa. Mdogo wangu alipimwa kipimo cha haraka, kikasoma chanya, na uchumba wake ukavunjika kwa neno hilo moja. Kipimo kile huonyesha tu kwamba himoglobini S, ile ya selimundu, ipo. Alipokwenda kupima aina ya himoglobini, karatasi ikaandika AS: amerithi kinasaba cha S kwa mzazi mmoja tu. Mwenye AS kwa kawaida haugui, na malaria kali humpata kwa nadra kuliko wengine. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Mwanangu ni SS: amerithi kwa wazazi wote wawili, ndiye mgonjwa. Mimi na baba yake sote ni AS, na hatukujua.

Kwa hiyo msikubali jibu la "chanya" peke yake. Ulizeni herufi, na mnaotaka kuoana ulizeni kabla ya mahari. AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Nasema kila mimba. Jirani alinifariji kwamba nimeshapata mgonjwa mmoja, basi watatu wanaofuata wako salama. Sivyo, hesabu inaanza upya kila unaposhika mimba.

Sasa mwanangu ana miaka saba. Anatumia dawa ya haidroksiyurea kila siku, na chupa ya maji haimtoki mkononi. Homa ikimpanda tunakwenda hospitali usiku huo huo, hatungoji kukuche. Muuguzi alitufundisha kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto, maana ikivimba ghafla na mtoto akapauka, damu imejikusanya humo na saa zinahesabika. Mama mkwe ndiye anayempapasa kila jioni akimwogesha.