I2C, SPI au RS-485? Pima kwanza urefu wa waya

Vijana wengi wa Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, hapa Tabora swali lao ni lilelile: kati ya I2C, SPI na RS-485, njia tatu za kuunganisha sensa na bodi, eti ipi ina spidi zaidi, na mi huwa nawauliza kwanza, sensa itakaa mbali kiasi gani na bodi? Maana kwa mtu anayesoma joto la bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, kule Urambo spidi haina kazi yoyote, joto la bani halirukiruki kila sekunde jamani.

Kama kila kitu kipo ndani ya boksi moja tumia I2C. Waya mbili tu za mawasiliano, SDA ya data na SCL ya mapigo ya saa. Philips waliitoa 1982 ili chipu ziongee ndani ya kifaa kimoja, sio itembee toka banini mpaka sebuleni. Waya ikirefuka kapasitansi, yaani uwezo wake wa kushika chaji, inapanda, na kikomo ni pikofaradi 400, ukipita hapo signali inalegea, sensa leo ipo kesho haipo na utakesha unakagua programu wakati haina kosa. Anwani nazo, yaani namba za kuitia kila sensa, cheki mapema: sensa ya BME280 ina mbili tu, 0x76 na 0x77, ya tatu haina pa kukaa.

SPI naiachia kadi ya memori na skrini. Ina kasi kweli, ila kila kifaa unachoongeza kinadai waya yake ya kuchaguliwa.

Sasa mabani yamepangana shambani, hapo RS-485 na usibishane. Data inapita kwenye jozi ya waya, A na B, mpokeaji anasoma tofauti ya hizo mbili, kwa hiyo kelele za mota ya feni zikiingia zinaingia kote sawa na zinajifuta zenyewe. Inafika mita 1200 ukienda taratibu, waya ya mtandao iliyosokotwa inatosha kabisa. Rezista za om 120 ni kwenye ncha mbili tu za laini, sio kila kituo, sijui nani aliwafundisha mafundi kuzijaza kila kona. Halafu MAX485, chipu ya kuunganisha bodi na RS-485, inataka volti 5, kama una bodi ya ESP32 ulizia MAX3485 inayokula 3.3.

Ukitaka joto tu, bani moja, wala usihangaike, sensa ya DS18B20 inamaliza: waya moja ya data, kila sensa ina namba yake ya biti 64 toka kiwandani, inasoma hadi nyuzi 125. Ila waya yake ipitishe mbali na bomba la moshi, ile plastiki haivumilii.