Usibandike mozaiki ya shawa kabla ya kupaka wotapurufu (mpako wa kuzuia maji)

Mkuu, mwambie fundi aweke mwiko chini leo hii. Umeuliza ununue shiti ngapi (vipande vya mozaiki vilivyounganishwa tayari), grauti ya kujazia viungo iwe ya rangi gani, na kama ni sawa kubandika mozaiki ya kioo kwa niru ya saruji (saruji iliyokorogwa na maji) juu ya plasta tupu, "maana grauti itazuia maji". Hilo la mwisho ndilo litakalokufilisi. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo nikayaamini, na ukuta wote ukavunjwa hadi kwenye tofali.

Grauti ya saruji inanyonya maji. Kwenye tailizi za 30 kwa 60 madhara yanachelewa, kwa sababu mita moja ya mraba ina kama mita 5 tu za viungo. Sasa pigia hesabu mozaiki ya vipande vya sentimita 2.5 yenye nafasi ya milimita 2: mita ile ile ya mraba ina zaidi ya mita 70 za viungo. Kuta zako tatu za sentimita 90 kwa mita 2.1 zitakuwa na zaidi ya mita 400 za mistari inayonyonya maji kila mtu anapooga. Halafu mtu anakwambia grauti inatosha!

Maji yakishapita yanakaa kwenye plasta. Chumba cha upande wa pili wa ukuta rangi inavimba na kubanduka, hasa chini karibu na sakafu, na chumvi nyeupe inatoka kwenye viungo hata ukisugua kila wiki. Niru nayo haishiki kioo, kwa sababu kioo hakinyonyi kitu. Inasinyaa ikikauka, inaacha uwazi nyuma, na ukigonga unasikia sauti ya debe tupu. Safu za chini ndizo huanza kudondoka.

Hapo hakuna kiraka. Wotapurufu haipakwi juu ya mozaiki, na ukipaka dawa ya kung'arisha juu ya grauti unafungia unyevu ndani. Mafundi wanaosema "tumefanya hivi miaka yote" huwa hawarudi kuona ukuta baada ya mvua mbili. Wauza vifaa wanaokuuzia saruji nyeupe kama gundi nao wanajua wanachofanya. Msije kusema napigia debe wotapurufu. Siuzi hata sponji.

Kazi inaanzia kwenye plasta. Iache ikauke, kwa kawaida siku 7 kwa kila sentimita ya unene. Weka rula ya mita 2 ukutani: uwazi ukizidi milimita 3, rekebisha sasa, maana mozaiki inafuata kila tumbo la ukuta na taa ya bafuni italionyesha. Lowanisha kidogo, kisha paka wotapurufu ya saruji yenye sehemu mbili, unga na maji yake ya mpira. Mkono wa kwanza wima, wa pili mlalo baada ya ule wa kwanza kukauka. Jumla ni kama kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kuta na sakafu yako zinataka kilo 20 hadi 26. Kwenye kona, panapokutana ukuta na sakafu, na kuzunguka mabomba, zamisha utepe wa kitambaa ndani ya mkono wa kwanza. Kona bila utepe itapasuka.

Gundi iwe nyeupe, ya unga wenye polima, inayoandikwa C2 kwenye mfuko. Ya kijivu itaonekana kupitia kioo. Tumia mwiko wa meno ya milimita 4 au 5, kisha lainisha mistari kwa upande bapa wa mwiko kabla ya kubandika, la sivyo gundi itachomoza kwenye viungo na utakaa na kisu siku nzima. Tandaza ya shiti 3 au 4 tu. Kwa joto la Dar inaota ngozi haraka. Bonyeza kwa ubao wa raba. Grauti isubiri saa 24, na iwe isiyo na mchanga kwa sababu mchanga unakwaruza kioo. Kwenye kona weka silikoni, usiweke grauti.

Shiti za 30 kwa 30: eneo la kuta tatu ni mita za mraba 5.67, yaani shiti 63, chukua 70.

Kabla ya shiti ya kwanza, wotapurufu ikishakomaa kama mfuko unavyosema, ziba tundu la maji, jaza sakafu ya shawa sentimita 5, weka alama ya penseli, na uache saa 24. Kagua alama, kagua na ukuta wa chumba cha pili. Fundi akikataa kusubiri, mlipe siku yake na umwache aende.