Maswali na Majibu ya Gereji: Kuinua Gari kwa Fedha Kidogo

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina Prado 95 ya dizeli, injini 1KZ. Wakati wa masika barabara za Kilosa zinanitesa, gari linagonga chini kila mara. Nataka kuliinua inchi mbili, ila fedha ya kununua seti kamili dukani sina. Fundi wa mtaani anataka kuweka spesa mbele (vipande vya kuinulia vinavyokaa juu ya shokapu), na springi za nyuma azivute kwa moto wa gesi. Nikubali? Na kama sivyo, nianze kununua nini?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Habari ya moto wa gesi ikatae hapohapo. Ugumu wa springi unatokana na namna chuma chake kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani kwa vipimo. Ukikichoma kwa gesi, ugumu unaondoka pale moto ulipopita. Siku ya kwanza gari litaonekana limesimama vizuri, lakini baada ya muda springi inalala kuliko ilivyokuwa mwanzo, au inakatika. Na ikikatika, itakatika kwenye shimo, gari likiwa limepakia.

Kabla ya kununua kimo kipya, jua kwanza umepoteza kiasi gani. Hata Prado 95 changa kabisa kutoka Japani, ile ya mwaka 2002, sasa imepita miaka 20, na kama springi zake hazijawahi kubadilishwa zimelala. Egesha mahali tambarare, sogeza gari mbele na nyuma mita chache ili springi zikae, kisha pima kwa futi ya utepe kutoka katikati ya rimu wima hadi ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Andika namba zote nne. Upande wa dereva ukiwa chini kwa sentimita moja hivi usishtuke, magari haya yana kawaida hiyo. Wamiliki wengi wanaotafuta inchi mbili wanakuta inchi nzima ni ile iliyopotea kwa uchakavu, na springi mpya za kawaida zinairudisha bila kugusa kitu kingine.

Sasa mfuko. Fedha ya kwanza iende kwenye bolijointi za chini za mbele (viungo vinavyounganisha gurudumu na mkono wa chuma uitwao amu), kabla hata ya springi. Kwenye Prado 95 uzito wa gari hauikandamizi bolijointi hii, unaivuta: kichwa chake cha duara muda wote kinavutwa kutoka kwenye kikombe. Ikilika, inachomoka ghafla, gurudumu linalala chini ya madigadi, na linaweza kuondoka na mpira wa breki pamoja na sivi jointi (kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele). Ukipandisha gari na kufunga tairi kubwa, mzigo unaongezeka. Kuipima, weka jeki chini ya amu ya chini, inua hadi tairi liachane na ardhi kidogo, ingiza mtaimbo chini ya tairi na unyanyue huku mwenzako akiangalia bolijointi. Akiona inacheza, usitembeze gari. Nunua mpya, na bolti zake nne mpya kila upande. Za mtumba usinunue, hata ukiambiwa zimetoka kwenye gari lililotembea kidogo.

Kuhusu spesa za mbele, fundi wako hajakosea sana, ila muulize unene. Mguu wa shokapu umeshika amu ya chini karibu na katikati yake, si kwenye gurudumu. Kwa hiyo kinachoongezwa juu ya shokapu kinakaribia kuwa mara mbili kwenye gurudumu: spesa ya milimita 25 inainua gari karibu milimita 45 hadi 50. Hapa ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Fundi anachonga spesa ya milimita 50 akiamini ndiyo inchi mbili, gari linapanda karibu inchi nne. Gurudumu likining'inia, amu ya juu inafika mwisho wa mwendo wake, sivi jointi inakunjwa kupita kiasi, na mpira wake unapasuka kwenye mikunjo. Grisi ikishatoka na vumbi kuingia, utaanza kusikia "ka-ka-ka" kila unapokata kona. Kwa Prado hii kuinua gari milimita 50 mbele, yaani spesa ya milimita 25, ndiyo mwisho. Na ujue spesa haiifanyi springi iliyochoka kuwa mpya.

Kwa hiyo tunashauri springi mpya nne kuliko spesa, hata kama itakubidi usubiri miezi miwili ukusanye. Na usinunue kwa inchi pekee, nunua kwa uzito. Muuzaji mzuri atakuuliza mambo matatu: injini gani, mbele kuna bampa ya chuma au winchi, na nyuma kuna mzigo gani unaokaa *siku zote*. Usipoulizwa, sema mwenyewe. Injini yako ya dizeli ni nzito kuliko ile ya petroli ya 3RZ, hivyo springi za mbele si zilezile. Nyuma, watu wengi hujidanganya: wanahesabu safari ya Desemba yenye watu saba na magunia, wanachukua springi ya mzigo wa kudumu wa kilo 200, halafu mwaka mzima wanatembea watupu na gari linarukaruka kama mbuzi. Ukibeba mizigo mara chache, chukua ya uzito wa kati.

Shokapu za mbele zibadilishe siku ileile ya springi, kwa sababu springi imeizunguka shokapu na mkusanyiko wote unashushwa na kufunguliwa pamoja, na hakuna maana ya kulipa ufundi mara mbili. Springi ibanwe kwa vibanio viwili vilivyokaa mkabala. Kamba na waya vimeshaumiza watu. Shokapu za nyuma zinaweza kusubiri kidogo kama hazivuji, ilimradi urefu unatosha. Inua gari kwa chasisi hadi ekseli ining'inie, kisha angalia: springi bado imekaa kwenye kikombe chake? Mpira wa breki una ulegevu? Waya wa ABS je, na mpira wa kupumulia difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli)? Kama shokapu ndiyo imefika mwisho kabla ya vyote, inaweza kung'oka kwenye kishikizo chake, hivyo tafuta ndefu zaidi.

Mambo mawili husahaulika sana. Kwanza, bolti za amu zenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa amu zikiwa zinaning'inia, bushi inabaki imesokotwa muda wote na inachanika mapema, kisha unalaumu duka. Pili, kama gari lako lina vali ya breki za nyuma yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli, irekebishe. Vali hiyo inasoma umbali kati ya bodi na ekseli. Ukipandisha bodi inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Kishikizo cha fimbo kinyanyuliwe kwa kiasi kilekile ulichoinua.

Halafu alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Weka fedha yake pembeni tangu mwanzo, maana bila hiyo matairi ya mbele yatalika upande mmoja. Prado ina bolti za kurekebisha kwenye amu za chini. Zikiwa zimeganda kwa kutu, zimwagie mafuta ya kulegeza siku kadhaa kabla.

Tena, ndugu yetu, springi hazipandishi difu ya nyuma. Kinachopandisha difu hiyo ni tairi tu. Ukitoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinatoka milimita 777 hadi 804, yaani difu inapanda milimita 13. Spidomita ikionyesha 80 utakuwa unakwenda karibu 83. Kama kinachogonga Kilosa ni difu ya nyuma kwenye matuta ya katikati ya njia, hizo milimita 13 zitakufaa kuliko inchi mbili za springi.

SWALI: Hilux yangu ya zamani ina torsheni baa mbele (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi) na springi za majani nyuma. Fundi amekaza bolti za torsheni baa, mbele imepanda vizuri lakini sasa inapiga kama mkokoteni. Nyuma anataka kuweka mabloku kati ya ekseli na springi. Ni sawa?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Baa haijawa ngumu zaidi, ugumu wake ni uleule. Kilichotokea ni kwamba amu ya juu sasa imekaribia au imelalia mpira wake wa kuzuia mwendo, kwa hiyo gurudumu halina pa kushukia. Kila shimo linakuwa nyundo. Gari likiwa limesimama, tazama nafasi kati ya amu na mpira huo. Kama vidole viwili havipiti, legeza. Inua mbele kwanza uzito utoke, paka grisi kwenye nyuzi za bolti, hesabu mizunguko sawa pande zote mbili, shusha, tembeza kidogo, ndipo upime.

Bloku moja nyuma inakubalika, mbili zilizopandana hapana, na kwenye ekseli ya mbele hata moja usiweke. Sisi tungeongeza jani moja kwenye springi, kwa sababu springi iliyolala ndiyo tatizo lenyewe. Jani likiongezwa, weka senta bolti mpya (inayoshika majani pamoja) na yu-bolti mpya (zinazobana springi kwenye ekseli). Za zamani zimeshavutika na hazishiki tena kipimo. Kaza kwa kupishanisha, kisha rudi ukaze tena baada ya kilomita mia chache. Yu-bolti iliyolegea huikata senta bolti, na ekseli inahama. Kuhusu sheko ndefu (vile vishikizo vya mwisho wa springi): kila sentimita mbili unazoongeza zinakupa kimo cha sentimita moja tu, na pua ya difu inageuka. Ukisikia mtetemo mpya kwenye propela shafti, chanzo ndicho hicho.

SWALI: Je, spesa za RAV4 zinahesabiwa kama za Prado?
*Msomaji, Bukoba*

JIBU: Hapana. Kwenye RAV4 shokapu ya mbele imeshika moja kwa moja kwenye kichwa cha gurudumu, hivyo spesa ya milimita 30 inainua karibu milimita 30. Usizidishe hapo, sivi jointi za gari hili ni ndogo. Chagua za alumini au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mabomba yaliyokatwa na kuchomelewa huvunjika kwenye weldi. Na kabla ya kufunga, hakikisha bolti za juu zinaingia kwenye nati nyuzi zote. Zikifika nusu tu, hiyo spesa ni nene mno kwa bolti ulizo nazo.