Damu kuwa "sawa" si jibu la rovu

Dada wa Uyole, hayo mafuta ya kuchua nyonga yaweke chini kwanza. Umeandika mama ana rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, tangu ujana, nyonga inamuuma usiku mwezi wa tatu sasa, damu imepimwa homoni za tezi zikatoka "sawa", na unauliza ale nini na matibabu Dar ni shilingi ngapi. Nimesoma nikasimama. Hayo hayo yalimpata mama yangu, Rungwe.

Na sisi tuliambiwa homoni ziko sawa. Yule mganga wa kituo aligonga muhuri, shingo hata hakuigusa, akasema huku milimani marovu ni ya kawaida, atumie chumvi yenye madini joto, na mguu ni magunia ya viazi aliyobeba. Nikamwamini! Miezi minane namnunulia mama dawa za baridi yabisi. Siku hiyo anashuka daladala Igawilo, kakanyaga chini tu, hajateleza, hajaanguka, nikasikia ka! Mfupa wa paja umekatika. Kashika kanga kifuani ananiuliza, "Mwanangu, nimekanyaga nini?"

Walipompasua kuunga mfupa wakapeleka kipande maabara. Majibu: chembechembe za tezi ya shingo. Ziko pajani! Saratani ilijificha ndani ya rovu lile lile la miaka yote, ikasafiri na damu mpaka mfupani na kwenye mapafu, na homoni muda wote zinasoma sawa. Kipimo kile kinaonyesha tezi inafanyaje kazi, hakionyeshi ndani yake mmeota nini. Yule bwana nikimkumbuka nachemka mpaka leo.

Ndiyo, marovu mengi si saratani. La mama yako nani kalichungulia? Shingo ipigwe ultrasaundi, uvimbe uchomwe sindano ya kutoa chembechembe, nyonga ipigwe picha. Sindano isipotoa jibu la uhakika, daktari akashauri tezi itolewe ikapimwe, msikimbie, ipo aina ya saratani isiyojulikana mpaka tezi itolewe. Na habari ya shingo na nyonga mwelezeni daktari mmoja, kwa pamoja. Sisi tulikuwa tunapeleka mguu tu, shingo imefungwa mtandio.

Mama alitolewa tezi yote, kisha Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, akapewa ayodini (ndiyo hayo madini joto) yenye mionzi, maana chembechembe zile hata zikihamia mfupani zinaweza kuendelea kufyonza ayodini, na mionzi ikazifuata humo humo. Sasa anatembea na fimbo, na kila alfajiri anameza kidonge cha homoni kabla ya chai.

Asibebe ndoo mpaka nyonga ipigwe picha. Kesho wahini foleni, ukirudi niandikie karatasi ya ultrasaundi imesema nini.