Pistoni haioshwi ili ing'ae, mdogo wangu

Juzi kijana mmoja fundi wa Morogoro kanitumia picha WhatsApp. Pistoni nne za Toyota Wish, zimekuwa nyeusi, zimeliwa vidonda juu mpaka ubavuni. "Kaka, nimeziloweka kwenye kostiki soda usiku kucha ili masizi yatoke. Mbona zimekuwa hivi?"

Pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, za gari dogo ni aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu. Tena ikiila inatoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka ikikutana na cheche. Nikamwambia hizo auze skrepa. Hasira zangu hazikuwa kwake, zilikuwa kwa aliyemfundisha, maana mafundi wa namna hiyo nawajua na mmoja wao alinichafulia jina.

Wish ya cc 1800 ya toleo la kwanza inatumia injini ya 1ZZ-FE. Ugonjwa wa matoleo ya mwanzo ya injini hii kila fundi anaujua: matundu ya kurudisha oili, yale yaliyo nyuma ya ringi ya oili (pete ya pistoni inayokwangua oili ukutani mwa silinda), yalikuwa madogo na machache. Yakiziba kwa kaboni, ringi inaganda kwenye mfereji wake, oili inabaki ukutani mwa silinda na inaungua. Gari linakunywa oili, moshi wa bluu unatoka nyuma. Toyota wenyewe baadaye walibadilisha pistoni. Lakini hata zile zilizorekebishwa, ukipuuza kumwaga oili kwa wakati, zinaishia hukohuko.

Sasa kuna mteja wangu mmoja, hapa Dar, Wish yake ilikuwa hivyohivyo. Nikamwambia tufanye oveholi, yaani tuifungue injini na kuitengeneza upya, na kwamba kuosha pistoni peke yake kutanichukua siku nzima. Akacheka mbele ya vijana wangu: "Fundi, unaosha pistoni au unaosha sufuria za shughuli?" Akahamia gereji nyingine. Baada ya muda mfupi nikaona picha kwenye grupu letu: pistoni zake zimepigwa brashi ya waya ya mashine, zinang'aa kama kioo, na maneno ya kejeli chini yake. Watu niliokula nao wakaweka vicheko.

Gari lilirudi kwangu linafuka vilevile. Nilipofungua, kingo za mifereji ya ringi zilikuwa zimeviringika kwa ile brashi, ringi mpya zinacheza ndani, na matundu ya oili? Yote yameziba, hakuna aliyeyagusa! Ikabidi anunue pistoni mpya. Leo hii haongezi oili kati ya sevisi na sevisi. Pole hajanipa, na kwenye grupu hakuandika kitu.

Kwa hiyo nisikilizeni. Kazi ya kuosha pistoni iko kwenye mfereji na matundu, si usoni. Nafasi kati ya ringi na mfereji haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo msasa na brashi ya waya ya mashine vinaiharibu kabla hujashusha mkono. Loweka kwenye mafuta ya taa au dizeli, uziache mpaka kaboni ilainike. Halafu kijiti cha mti au plastiki, brashi ya nailoni, na subira. Wengi tunavunja ringi ya zamani tunakwangulia mfereji. Sawa, ila chuma chake ni kigumu kuliko pistoni, ukikandamiza unachonga. Kwenye matundu, chukua biti ya drili inayoingia bila kulazimishwa, izungushe kwa vidole. Kwa vidole, nimesema. Ubavuni, ile rangi ya kijivu kwenye sketi, sehemu ya pistoni iliyo chini ya ringi, si uchafu, imewekwa kiwandani ipunguze msuguano. Ifute kwa kitambaa tu.

Na petroli acheni. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali kuliko tutakayowahi kuiona, halafu ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka kwa jirani anayechomelea geti. Tena ina benzini, inapenya ngozi ya mikono, na benzini inaleta saratani ya damu. Vijana mnaniambia mikono yenu imezoea. Glovu mnaziona ushamba, miwani mnaiona ushamba, halafu unapuliza tundu kwa upepo wa kompresa na kipande cha kaboni kinakurukia jichoni.

Kabla hujachomoa chochote, andika namba ya silinda kwenye kila pistoni, usije ukazichanganya, na angalia alama ya mbele iko upande gani. Ukimaliza kuosha, suuza tena kwa mafuta masafi, puliza, kisha pima mfereji kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, na ringi mpya. Ikizidi kipimo cha kitabu, mwambie mteja ukweli anunue pistoni. Akikucheka, mwache aende.